Pumzi Moja Kati ya Kengele na Adhana

Mimi Urbani ni mwoga. Naanza na hilo usije ukanipamba baadaye. Nilikuwa askari wa Malaika Mikaeli, nimekula kiapo mbele ya altare kule Mbinga, nimekabidhiwa mkuki uliobarikiwa, na bado panya akikatiza darini moyo unanienda mbio. Watu wanadhani askari wa dini haogopi. Uongo mtupu. Anaogopa sana, ila yeye anawekwa mbele na wengine wanaogopea nyuma yake.

Siku zile kila dini ilikuwa na askari wake. Kanisa lilikuwa na sisi, msikiti ulikuwa na wao, na kazi yetu sote ilikuwa kupambana na mashetani, majini na vitu vingine visivyo na jina. Kazi hiyo ingetosha kabisa kutuchosha, lakini wapi, tukawa tunapigana sisi kwa sisi pia. Askari wa upande wa pili huku kwetu aliitwa Thabiti. Alikuwa mtu wa Kilwa, mrefu, mpole wa maneno, aliyefuata biashara ya duka mpaka Ziwa Nyasa, ubavuni ana upanga wenye aya. Tulikutana mara ya kwanza Namswea, kwenye nyumba iliyosumbuliwa na shetani. Shetani akatoka, na kila mmoja wetu akadai amemtoa yeye. Tulibishana mpaka silaha zikachomolewa. Yeye alinichana mkono, mimi nikamtoboa paja, na nadhani yule shetani alikaa pembeni anatucheka.

Basi ikaja Operesheni Vijiji, mwaka wa sabini na nne. Malori ya serikali yalituzoa kutoka vitongojini, Wakristo kwa Waislamu, yakatumwaga kwenye ghuba moja kusini ya Liuli. Wazee wa Kimpoto, wenyeji wa hapo, walipoona tunashusha vitanda na kuku walisema, "Hapa halali mtu." Ukiwauliza kwa nini, wanarudia hivyo hivyo: hapa halali mtu. Ofisa aliyetupanga, mgeni wa mkoa mwingine, alisema hizo ni fikra za kizamani, ghuba ni nzuri, maji yapo, samaki wapo. Akapima mistari ya nyumba kwa kamba, akapanda Landrover yake akaenda kulala kwingine.

Tukajenga. Kanisa letu la nyasi tuliliweka juu ya kilima, na nje yake nikatundika ringi ya lori kwenye mti wa mninga, ndiyo kengele. Waislamu walijenga msikiti wao wa nyasi chini, karibu na miamba iliyoingia majini, na Thabiti alikuwa anasimama kwenye mwamba wa mwisho kuadhini. Jioni ya kwanza kabisa, jua lilipozama, akaanza adhana. Mimi nikashika nyundo nikagonga kengele ya Malaika wa Bwana kwa nguvu zangu zote ili nimfunike. Akapaza sauti. Nami nikazidisha. Watu wetu wakashangilia, watu wake wakashangilia, kama vile ni mpira. Tukaendelea hivyo kila jioni, tukianza pamoja na kumaliza pamoja, kila mmoja koo na mikono vinauma.

Kitu kilichokuwa kwenye ghuba ile kilimchukua kwanza Albina, mjane wa mstari wa pili.

Niliona kwa macho yangu. Mimi na Thabiti tulikuwa tumeshanyamaza, jua limezama nyuma ya milima ya ng'ambo, lakini anga bado nyekundu. Ziwani lilisimama wingu la nkungu, wale wadudu wadogo wa ziwa wanaopanda juu kama moshi. Ni kitu cha kawaida kwetu, watu huwakamata kwa vikapu, wakawakanda na kuwala. Ila hili lilisimama mdomoni mwa ghuba na halikusogea ingawa upepo ulikuwa unavuma. Albina alikuwa anasonga ugali nje ya nyumba yake. Nikamwona anainua kichwa. Akaitika "Abee, mama," kwa sauti ya mtoto, akauacha mwiko umesimama kwenye sufuria, akaenda. Alitembea polepole, mikono inaning'inia, akaingia majini na nguo zake. Tulipofika ufukweni maji yalikuwa yametulia. Mama yake Albina alikufa zamani, wakati wa vita ya Wajerumani, alimwacha mdogo.

Nilirudi kilimani nikajifungia kanisani. Wala sikusali. Ningedanganya nikisema nilisali.

Baada yake walikwenda wengine, na kila mara ilikuwa jioni, wingu likiwa limesimama pale pale. Mmoja wao, mvuvi aitwaye Pankras, majirani walimwahi, wakamfunga kamba kwenye nguzo ya nyumba. Alipiga kelele mpaka nyota zilipotoka, ndipo akalegea akaomba maji. Yeye ndiye aliyetueleza. Alisema ilikuwa sauti ya mtoto wake aliyekufa na surua, inamwita kutoka kwenye wingu, na si kwamba hakujua ni uongo. Alijua. "Lakini ungeitwa na yule usiyeweza kumnyima kitu, ungekaa?" alituuliza. Tangu hapo tukakiita Mwitaji. Kilichukua sauti ya mtu mmoja tu, yule unayempenda kuliko wote, awe hai au amekufa.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Romanus, aliitisha mkutano akakataza uvumi. Kisha mkutano ulipokwisha akaja kwangu kwa siri, akanishika mkono, akasema, "Baba, fanya kitu." Najua alikwenda na kwa Thabiti pia. Basi jioni nikachukua mkuki wangu nikasimama ufukweni, na upande wa pili wa miamba nikamwona Thabiti na upanga wake. Askari wawili wazima tunalitazama wingu la wadudu. Mkuki utachoma nini hapo? Sauti haina ubavu wala shingo. Jioni ile kile kitu kilimchukua mama wa watoto wadogo kutoka mstari wa kwanza, akapita katikati yetu, na alipofika kwenye kina hatukuweza kumpata.

Kesho yake asubuhi Thabiti alipanda kilimani. Nilikuwa nafagia mbele ya kanisa. Nikashika mkuki, nilidhani amekuja kumalizia ya Namswea. Alikuja mikono mitupu, akaketi kwenye jiwe bila kukaribishwa.

"Ndugu Urbani," alisema, "nina swali, na usimwambie mtu. Wewe unaogopa?"

Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Naogopa hata panya wa darini," nikasema.

Akafunika uso kwa viganja, mabega yakamshuka. "Alhamdulillahi," akasema. "Nilifikiri ni mimi peke yangu. Usiku sili. Asia ananiuliza nina nini, namwambia ni malaria."

Asia ni mkewe. Nikaketi karibu naye, na kwa mara ya kwanza nikaitazama mikono yake bila kuiogopa, mikono ile ile iliyonichana. Ikanijia huruma, na nafuu pia, nafuu kubwa kama ya mtu aliyepata mwenzake njiani. Tukazungumza mpaka jua likawa kali. Yeye ndiye aliyegundua, na ni jambo la kijinga kiasi kwamba naona aibu kulisema.

"Umewahi kuona mtu anachukuliwa wakati unagonga kengele?" akaniuliza.

"La."

"Wala mimi ninapoadhini. Kile kitu kinaita. Na panapoitwa kwa jina la Mungu hakiwezi kuita. Sasa tangu jua linapogusa milima mpaka nyota zitoke, ndiyo saa yake. Sisi tunafanya nini? Tunapiga kelele wote kwa pamoja, kwa kushindana, tunamaliza wote kwa pamoja, halafu tunakiachia jioni yote iliyobaki."

Nilitaka kumbishia kwa mazoea tu. Lakini alisema kweli. Tulikuwa na vifuniko viwili, tukavibandika vyote kwenye chungu kimoja, kingine kikabaki wazi. Albina na wenzake walikuwa wamekwenda na ujinga wetu.

Tukapatana. Kengele ianze jua linapogusa milima, kwa kuwa Thabiti hawezi kuadhini magharibi kabla jua halijazama. Nigonge na kusali Malaika wa Bwana, na nikimaliza niunganishe na litania ya watakatifu, hadi jua lipotee. Hapo ninyamaze, naye aanze adhana, aivute, kisha asome uradi kwa sauti kubwa hadi nyota. Tena tukakubaliana kwa heshima: mimi sitagonga juu ya jina la Mungu wake, naye hataanza kabla kengele yangu haijanyamaza kabisa. Tulikuwa tumefunikana vya kutosha.

Usidhani watu walitushukuru. Watu wangu walisema nimekuwa mpiga mbiu wa mwadhini, namtangulizia tu njia. Watu wake walisema anasubiri ruhusa ya kanisa ndipo amwite Mwenyezi Mungu. Hata hivyo hakuna aliyekwenda tena majini. Wiki zikapita, mihogo ikakomaa, watoto wakaanza kucheza nje jioni, na Mzee Romanus akaanza kusema mkutanoni kwamba uvumi ule yeye aliukomesha.

Ndipo urafiki wetu ukaota. Mchana nilikuwa nakaa kwenye baraza ya duka la Thabiti, ananipa chai ya tangawizi, mimi nampa maharage ya kwetu Umatengoni. Alinicheka kwamba mimi ni mtu wa milimani, naogopa hata maji ya kunawa. Nami nilimwambia mtu wa pwani akipanda kilima changu anahema kama ng'ombe mgonjwa. Alinieleza adhana maana yake nini, neno kwa neno, kwa kuwa nilimuuliza. Nilimweleza litania. Kuna watakatifu wengine aliwaona wana vichekesho, hasa majina yao.

Lakini hofu haikuondoka. Kila jioni kati ya pigo langu la mwisho na neno lake la kwanza kulikuwa na nafasi. Ringi ya lori hailii ikaisha papo hapo, inanguruma, na Thabiti alikuwa anangoja ngurumo ile ife kabisa, avute pumzi, ndipo aanze. Ilikuwa pumzi moja. Katika pumzi ile kijiji kizima kilikaa kimya, na kila jioni mimi nilisimama na nyundo mkononi, nikisikiliza kama nitaitwa na Natalia. Natalia alikuwa mke wangu, alikufa kwa uzazi. Nilijua kabisa akiniita nitakwenda. Nilimwambia Thabiti hivyo.

"Mimi nitaitwa na mama," akasema. "Yuko Kilwa, mzee sana. Au Asia." Akafikiri. "Hapana, ni mama."

Sijui kwa nini hatukuiziba nafasi ile. Najua kwa kweli. Tuliona haya. Ilikuwa ni adabu yetu, kila mmoja anamngoja mwenzake amalize, na tuliipenda.

Jioni ninayoisema ilikuwa ya joto, hakuna upepo. Wingu la nkungu lilisimama karibu kuliko siku zote, unasikia mvumo wake. Niligonga, nikasali, jua likapotea, nikatoa pigo la mwisho. Ringi ikanguruma, ikafa. Nikangoja neno la Thabiti.

Halikuja. Ikapita pumzi, ikapita nyingine.

Kisha sauti, ambayo bila shaka ilikuwa imeshamwita kwa chini, ikapanda kutoka ziwani hata mimi nikaisikia. "Thabiti! Thabiti ndugu yangu, njoo basi. Naogopa huku peke yangu."

Haikuwa sauti ya mama yeyote. Nilishika mdomo wangu kwa mkono kuona kama umefunguka, kwa sababu sauti ilikuwa yangu. Ilikuwa yangu na ile kukwaruza kwake, na lafudhi yangu ya Kimatengo, na jinsi ninavyolivuta jina lake. Ikaita tena. Nikaelewa, na kuelewa kule kulinitisha kuliko wingu lenyewe. Kati ya mama yake na mkewe na watoto wake, yule ambaye Thabiti hawezi kumnyima kitu ni mimi.

Nilitupa nyundo nikakimbia. Sikufikiria kugonga tena, akili haikuwepo. Nilipofika kwenye miamba alikuwa ameshaacha nchi kavu, maji yamemfika kifuani, kanzu inaelea nyuma yake. Mbele yake wingu lilikuwa jeusi, na pale ghuba inadidimia ghafla, wavuvi wote wanajua. Mimi kuogelea sijui. Niliingia mpaka maji yakanifika kiunoni, miguu ikakataa.

"Thabiti!" nikapiga kelele. "Rudi! Ni mimi huku!"

"Thabiti!" ikaita ziwani. "Ni mimi huku!"

Akasimama. Akageuza uso kwangu, akaugeuza kwenye wingu, tena kwangu. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwa yananiona. Nikaita tena, na kila nilichosema kilirudiwa kwa sauti ile ile, kwa kilio kile kile, mpaka mimi mwenyewe nikachanganyikiwa. Nikaona kwamba kila nikimwita namsogeza mbele.

"Nakuja, Urbani," akasema kwa upole. "Usiogope. Nakuja." Akapiga hatua kuelekea kwenye kina.

Ndipo nikafanya lile ambalo mpaka leo watu wa pande zote mbili wananitazama kwa pembe ya jicho. Nilihitaji neno ambalo kile kitu hakiwezi kulisema. Sala zangu zote zilikuwa zimenitoka kichwani, hata Baba Yetu. Kilichobaki ni kile nilichokisikia kila jioni nikiwa nimesimama na hofu yangu. Nikaweka mikono masikioni kama nilivyokuwa namwona akifanya, nikapaza sauti.

"Haya ala swala! Haya ala falah!"

Niliitamka vibaya, kwa sauti ya mtu anayechinjwa. Kule ziwani sauti yangu ilianza kufuatisha, ikakwama kwenye neno la kwanza, ikabaki inatoa mlio kama wa mtu anayetapika. Nikaita tena. Njooni kwenye swala, njooni kwenye wokovu, ndivyo alivyonifundisha maana yake. Thabiti akatikisa kichwa. Akatazama maji yaliyomfika shingoni, akapiga ukelele wa woga, akageuka na kuanza kupapatika kuja kwangu. Sikunyamaza. Niliita maneno hayo hayo mawili mpaka nikamshika kanzu, na nikaendelea kuita tukiwa tumelala kwenye kokoto tumekumbatiana, tunalia wote wawili, mpaka nyota zikatoka na lile wingu likaanguka majini.

Kijiji chote kilikuwa kimesimama nyuma yetu. Kesho yake watu wangu walidai nitubu na nivuliwe uaskari. Watu wake wengine walisema nimeifanyia adhana mchezo, wengine wakataka nisilimu pale pale. Kwa mara ya kwanza tangu malori yatumwage hapo, pande mbili zilikubaliana juu ya jambo, nalo ni kwamba mimi nimekosea. Asia peke yake alikuja kilimani, akanipigia magoti, akaniambia, "Shikamoo, shemeji," akaondoka. Mzee Romanus alipoona jioni inakaribia na hakuna mwingine anayetaka kushika nyundo, akanirudishia. Jioni ile Thabiti hakungoja ngurumo ife. Akaanza adhana kengele yangu ikiwa bado inalia, sauti zikapishana kidogo, nafasi ikazibika. Haijafunguka tena.

Lakini sijasema kilichonileta kwenye kusimulia.

Asubuhi moja baada ya hapo nilishuka dukani. Thabiti alikuwa amenipa kisogo, anapanga sabuni. Nilikuwa na furaha, chai inanukia, mtu wangu yu hai. Nikamwita kama nilivyokuwa namwita siku zote.

"Thabiti!"

Sabuni zilimwanguka. Akabana mgongo kwenye ukuta, macho yamemtoka, anaangalia mlango, anaangalia upande wa ziwa, na mdomo wake unasogea bila sauti. Alikuwa ananiogopa. Nilisimama kizingitini na mikono nimeinua, kama mtu anayeonyesha hana silaha. Ilichukua muda kabla hajakubali nimguse mkono. Aliushika mkono wangu akaubonyeza bonyeza, mpaka kwenye lile kovu aliloniachia Namswea, ndipo akavuta pumzi.

"Nisamehe," akasema. "Najua ni wewe. Ila nikiisikia sauti yako ikiita jina langu, mwili unataka kwenda majini."

"Sitakuita tena," nikamwambia.

Nimetimiza. Miaka imekwenda, ujamaa umekwenda, nyumba za mistari zimebaki chache, na sisi wawili ni wazee. Tunaongea sana, tunataniana, lakini jina lake halijatoka mdomoni mwangu tangu siku ile. Nikimhitaji naenda mpaka alipo, namshika bega, ndipo naanza mazungumzo. Jana nilimwona anapita njia ya chini na mkongojo wake, hajaniona, nami nilikuwa na habari nzuri ya kumwambia. Ningeita mara moja tu angesikia. Nikafumba mdomo, nikavaa viatu, nikaanza kumfuata. Magoti yangu ni mabovu siku hizi, na yeye bado anatembea haraka. Sikumpata.